Madoa ya Jua na Kitanda cha Nazzareno

Forcaleto, 21 Oktoba 1979

Mwanangu Elvio,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye ana afya kuliko nyumba yake. Telegramu yako ilifika, soksi za sufu zilifika, wewe mwenyewe hukufika, lakini hilo tuliache kwa leo.

Baba yako hajambo. Kondoo nao wote wapo, maana usiku ule wa tetemeko la Septemba walikuwa bado malishoni mlimani, na anayelala nje hana dari ya kumwangukia. Mnara wa kanisa umebaki nusu. Binti yake Quinto mwashi alijifungua ndani ya hema la jeshi, mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta, na kapteni wa wanajeshi ndiye aliyesimama kuwa baba wa ubatizo. Kwa hiyo usidhani huku tunalia tu.

Halmashauri imetupa karavani, mimi na kaka yangu, tumeiweka kwenye shamba la dengu nyuma ya nyumba. Ni kitu kizuri kwa watu wanaokwenda pwani wiki moja mwezi wa Agosti. Baba yako akijigeuza kitandani, mimi naamka. Nikichemsha kahawa, kuta zinatoa jasho mpaka makoti yanaota ukungu. Nyumba yenyewe haikuanguka. Ukuta wa jikoni wa upande wa mlima umepasuka toka juu hadi chini, na plasta yote ya jikoni imemwagika sakafuni, isipokuwa ya ule ukuta wenye mchoro wako wa jua, ule uliompelekea baba yako Julai kwa sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Huo uko kama ulivyotundikwa, hata haujapinda.

Quinto anasema ataifunga nyumba kwa vyuma kabla ya theluji. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, akanijibu, "Mama Ersilia, mwaka huu mimi naziba huku najenga, chagua moja unyamaze."

Sasa kuna jambo dogo. Ukiandika, tuambie na jua likoje huko unakolitazama. Lina madoa mengi au machache? Ni mazungumzo tu. Jioni za karavani ni ndefu na redio yetu inashika stesheni moja.

Ni mimi, Ersilia wenu


Locarno, 8 Novemba 1979

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa ile sehemu ya mtoto wa hema. Mimi sijambo. Ziwani kuna ukungu, na mama mwenye nyumba ninayopanga ameanza kupika uji wa mahindi mgumu kila Jumatano, nami nala kwa adabu. Samahani kwamba sikuja. Hapa tuko wawili tu wa kuchora, na mwenzangu alikuwa likizo.

Umeniuliza kuhusu jua, na sijui kama unajua umenifurahisha kiasi gani. Miaka minane niko huku Uswisi, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuuliza ninafanya nini asubuhi. Basi nikwambie. Mawingu yakifunguka, darubini inalimwaga jua juu ya karatasi, duara jeupe kama sahani, na mimi napitisha penseli juu ya kila doa ninaloliona. Nikimaliza nayahesabu, na hesabu inapelekwa kituo kikuu cha Zürich. Ni hayo tu. Madoa huongezeka na kupungua, na mzunguko mzima huchukua kama miaka kumi na moja.

Mwaka huu tuko kileleni. Wiki iliyopita yalikuwa mengi kama kunguru kwenye shamba lililolimwa jana, penseli yangu iliisha ncha. Naambatisha nakala ya mchoro wa Jumanne. Lile kundi kubwa upande wa kulia lingeweza kumeza dunia yetu mara kadhaa na bado likawa na njaa.

Msalimie baba, kama atazipokea salamu zangu. Yeye haniandikii, lakini hilo si jipya.

Wako, Elvio


Forcaleto, 2 Desemba 1979

Mwanangu Elvio,

Salamu, na baridi. Theluji imefika mapema. Quinto amemaliza vyuma: viwili vinapita nyumba nzima toka ukuta hadi ukuta, na kwa nje vimekazwa kwa misalaba mikubwa ya chuma, sasa nyumba yetu inafanana na furushi lililofungwa vizuri kwa safari. Mhandisi wa serikali amekuja, amegonga kuta kwa kidole kama anayenunua tikiti maji, na ametia sahihi. Watu wa mtaa wa juu wamerudi majumbani kwao. Mjane Assunta amerudi na kuku wake wote.

Sisi bado tuko shambani. Tutahama, hakuna haraka.

Mchoro wako baba yako ameubandika kwenye mlango wa kabati. Aliusogeza karibu na taa, akautazama, kisha akaniambia, "Kijana ana mkono." Nakuletea sifa hiyo ilivyo, kwa sababu najua hutaipata kwa njia nyingine. Ana kikohozi kidogo, cha tumbaku.

Tuletee na mwingine. Na utuambie kama madoa yanaanza kupungua.

Shangazi yako


Locarno, 15 Desemba 1979

Shangazi, shikamoo, na heri ya Noeli kabla haijafika.

"Kijana ana mkono." Nimeikata sehemu hiyo ya barua nikaiweka kwenye pochi. Usimwambie.

Naleta michoro mitatu. Madoa hayapungui hata kidogo. Mwenzangu mzee, ambaye amechora jua tangu nikiwa shule, anasema hajaliona limechafuka hivi kwa miaka mingi. Mwambie baba kwamba kilele hiki kinaweza kuendelea mwaka mzima ujao na hata zaidi. Tuna bahati ya kukiona.

Lakini niambie kitu kimoja. Ikiwa mhandisi ametia sahihi na Assunta amerudi na kuku, ninyi mnangoja nini kwenye karavani?

Wako, Elvio


Forcaleto, 20 Januari 1980

Elvio,

Sisi ni wazima kwa jinsi ya watu wasio wazima. Leo sina utani mwingi, nisamehe.

Uliuliza tunangoja nini. Tunakungoja wewe. Au tunalingoja jua lako, ambalo kwa baba yako ni kitu kimoja.

Unajua ulikokulia. Kuni zetu hukatwa mwezi ukipungua, divai hutiwa chupani mwezi ukipungua, na wewe mwenyewe nilikuwa nakukata nywele mwezi ukipungua usije ukaota kichaka. Nguruwe ndio usiseme. Anayechinja mwezi ukikua, nyama yake huozea mfupani. Hivyo ndivyo alivyosema babu yako na aliyemtangulia. Sasa Oktoba, kwenye mahema, mtu akaleta gazeti. Limeandikwa kwamba wapo wataalamu wanaodhani jua likiwa na madoa mengi, ardhi nayo hucheza. Baba yako akalisoma mara mbili. Akaniambia, "Ersilia, mwezi ni jiwe tu, na unaweza kuozesha paja la nguruwe. Jua je?" Wewe ungejibu nini?

Halafu kuna ule mchoro wa Julai. Plasta yote ilimwagika, ukuta wake ukasimama. Tangu alisome lile gazeti ameweka nadhiri kimoyomoyo: haingii kulala ndani mpaka Elvio aandike kwamba jua limesafika. Nami nikakuuliza kwa mlango wa nyuma, nikidhani utajibu machache, na mambo yataisha kimyakimya. Badala yake kila barua unatuletea madoa mengine kama mtu anayeleta zawadi. Ile ya Desemba, uliposema mwaka mzima na zaidi, nilitamani posta iipoteze.

Nguruwe tulimchinja mwezi ulipoanza kupungua, kama ipasavyo. Mapaja yamewekwa chumvi na yamelala kwenye chumba cha chini, ndani ya nyumba, maana kwenye karavani yangevunda. Kila siku baba yako anaingia kuyakagua, anayageuza, anayapapasa, anatoka. Nilimwambia, "Nazzareno, miguu ya nguruwe inalala ndani na mwenye nguruwe analala nje. Kati yenu nani mwenye akili?" Hakucheka. Zamani angenitukana kidogo, na ningefurahi.

Mimi nimehamia ndani tangu sikukuu ya Epifania. Mifupa yangu imekataa. Yeye yuko peke yake shambani. Si tumbaku, Elvio. Daktari amesema ni kichomi, na kwamba mtu wa umri wake akipigwa na kichomi cha pili ndani ya bati lile lenye unyevu, asiitwe daktari tena, aitwe padri. Nakisikia kikohozi chake nikiwa kitandani kwangu, na kikinyamaza ndipo naogopa zaidi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Andika kwamba jua limesafika. Andika mstari mmoja tu. Ukipenda chora duara tupu. Atakuamini wewe kuliko mhandisi, kuliko Quinto, kuliko mimi. Nitakwenda kuungama kwa niaba yako.

Ersilia


Locarno, 3 Februari 1980

Shangazi, shikamoo.

Nimekaa na barua yako kwa siku nyingi. Kwa nini hukuniambia kuhusu kichomi? Lakini na mimi nina ambayo sikusema, basi tusihesabiane.

Niliketi mezani na karatasi, nikachora duara. Nikaliacha tupu. Lilikuwa jambo rahisi kuliko yote niliyowahi kufanya kazini. Kisha nikaona mkono unakataa kuandika tarehe chini yake. Miaka minane nimeandika tarehe chini ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Na baba akigundua, kwa sababu magazeti nayo huandika habari za jua, hatakuwa na mtu wa kumwamini tena hapa duniani, na mimi nitakuwa nimeyafanya hayo kwa barua, nikiwa mbali, kama kawaida yangu.

Sasa nikuambie kweli, uisome polepole. Tangu Oktoba, baada ya kazi, nimekuwa nikiyapanga matetemeko ya Italia kando ya michoro yetu ya zamani. Sikuambii kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya elimu. Nilitaka iwe kweli. Kama ingekuwa kweli, ningeweza kukupigieni simu pale baa na kusema, leo laleni nje, kesho ingieni.

Wapo mabwana wasomi wanaosema jua likichafuka hutupa mvuke wake wa umeme hadi huku kwetu, na huenda ukausukuma kidogo mwamba ambao tayari ulikuwa unataka kuachia. Wapo wasomi wengine wanaosema ukitafuta sana kwenye tarakimu utapata chochote, hata uhusiano wa matetemeko na bei ya vitunguu. Mimi si msomi wa kuwaamua. Ninachokijua ni hiki: mkoa wa Friuli ulipopigwa na tetemeko, Mei ya 1976, na watu wengi wakafa, nilikuwa hapahapa na penseli yangu, na majira yale siku nyingi duara letu lilikuwa tupu au karibu tupu. Jua halijawahi kuwa safi hivyo tangu nianze kazi. Na imewahi kupita miaka ya madoa tele ambayo milima yetu ililala usingizi.

Labda uhusiano upo, mdogo, na siku moja mtu atauona. Mimi ningefurahi. Lakini hata ukiwepo hautamwambia mtu leo alale wapi. Jua safi si ruhusa, na jua chafu si marufuku. Mwambie baba avitazame vyuma vya Quinto. Hivyo vipo kila siku.

Msomee barua hii. Nampenda, na sijui kuiandika hiyo vizuri zaidi.

Elvio


Forcaleto, 16 Machi 1980

Elvio,

Barua yako ya mwanzo wa Februari imefika juzi, kwa sababu ya mgomo wa posta. Wiki zote hizo baba yako alikuwa akimngoja tarishi kwenye njia ya shamba, amevaa kofia, na mimi nikasema moyoni kwamba umekasirika. Salamu nimezipokea. Mtoto wa Quinto ana meno mawili.

Nimemsomea kama ulivyotaka. Nilisoma mwenyewe kwa sauti, polepole, mpaka kwenye ruhusa na marufuku. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na blanketi begani. Aliniuliza, "Rudia hapo pa Friuli." Nikarudia. Akasema, "Jua lilikuwa safi?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Akaiacha kahawa mpaka ikapoa.

Kisha akasema, "Basi hakuna siku."

Umeelewa ulichofanya, mwanangu mkweli? Alikuwa anangoja siku nzuri. Ilikuwa mbali, lakini ilikuwepo, hata kama ni mwakani, hata kama ni miaka mitano. Sasa umemnyang'anya hata siku zake nzuri. Kama jua chafu linaua na jua safi linaua, yeye ataingia lini? Amebandua michoro yote kutoka kwenye kabati, akaikunja vizuri, akanipa. Nikamwuliza niiweke wapi. Akasema, "Pale unapoweka mambo ya watu wengine."

Nilikuwa na hasira na wewe mpaka jana. Jana nilimpelekea supu, nikamkuta analitazama jua kwa macho yake mwenyewe, kupitia kioo cha dirisha, huku mwanga unamtoa machozi. Nikamvuta. Nikamwambia, "Wewe mzee utapofuka." Akaniambia maneno haya, nakuandikia yote: "Nilidhani yule kijana ana zamu kule kwa ajili yetu. Kumbe halindi kitu."

Hapo hasira yangu ikaisha na nikaogopa, maana niliona kwamba tangu Oktoba sikuwa nimekuelezeni, wewe wala yeye, ugonjwa wenyewe ni upi: si wa jua, ni wa kukukosa wewe. Barua hazitoshi, Elvio. Mimi nazipenda barua, lakini hazitoshi. Pasaka ni tarehe sita Aprili. Usilete soksi.

Shangazi yako anayekungoja


Locarno, 14 Aprili 1980

Shangazi, shikamoo.

Nimefika salama. Jibini uliyonifungia imefika imevunjika nusu, nusu nyingine nimempa mama mwenye nyumba, ambaye sasa ananiita mwanangu. Treni ilichelewa Milano, na nilipata muda wa kufikiria la kukuandikia.

Asante kwa kitanda cha ghorofani. Uliona kwamba nililala ndani kila usiku, nawe ulidhani nafanya hivyo ili baba aone. Ni kweli. Lakini usiku wa kwanza sikupata usingizi kwa woga. Mbao zikilia nashika viatu. Nakuambia ili usidhani watu wa darubini wana kifua cha chuma.

Uliniuliza kituoni tulizungumza nini Jumatatu ya Pasaka, ulipokwenda kwa Quinto kumwona mtoto, nami nikasema tulizungumza habari za nyama. Nilisema kweli nusu.

Aliniita chumba cha chini nimsaidie kuyapaka mapaja mafuta. Tukafanya kazi, yeye upande ule, mimi upande huu, migongo karibu igusane. Hakunitazama. Akasema, "Ule mchoro wa Julai. Ulijua?"

"Nilijua nini, baba?"

"Kwamba itatikisika. Nilisema, kijana alijua. Amenikasirikia kwa yale maneno ya zamani, hataki kusema kwa mdomo, amesema kwa penseli. Na mimi mjinga sikuelewa, nikautundika ukutani."

Shangazi, alikuwa ameibeba hiyo tangu Septemba. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia, "Sikujua chochote. Nilikuletea kwa sababu siku ile mchoro ulitoka vizuri. Nilitaka uone ninachofanya."

"Basi hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akaendelea kupaka. Kisha akasema, "Ulipoondoka hapa nilisema umetuacha. Niliisema baa nzima isikie. Halafu likaja lile gazeti, nikasema, kumbe hakutuacha, anatazama kule ili sisi tuwe salama huku. Nilifurahi, Elvio. Nimelala kwenye bati na nimekohoa damu na nilikuwa nimefurahi. Sasa kama jua halihusiki, inabaki ile ya kwanza."

Ningeweza kumwambia lolote. Nilikuwa na maneno mengi mazuri niliyoyatunga njiani. Nikasema, "Ile ya kwanza ni kweli, baba. Niliondoka kwa sababu sikutaka kondoo. Na Septemba sikuja kwa sababu niliogopa utaniuliza nimefuata nini. Mwenzangu hakuwa likizo. Lakini kwamba ardhi itatikisika hakuna aliyejua, si mimi, si Zürich, si wenye vyeo. Usingeweza kuonywa na mtu yeyote. Hukukosea chochote, na mimi sikukuficha chochote."

Aligeuka akanitazama, mikono yote mafuta. Akasema, "Hakuna ajuaye?"

"Hakuna."

"Hata yule mzee mwenzako?"

"Hata yeye. Yeye analala ghorofa ya nne."

Hapo akacheka. Alikohoa, kisha akacheka tena, na akaniambia niache kupaka mafuta kama Mswisi, nitayamaliza yote kwenye paja moja. Baadaye aliketi kwenye kiti cha jikoni kilicho karibu na mlango, buti mguuni, akasinzia, na uliporudi ukamkuta pale ukadhani amepitiwa. Hakupitiwa, alikusudia. Aliniambia anajaribu kiti kwanza.

Sijui kama atafika kitandani. Nimeomba likizo ya wiki tatu mwezi wa Agosti, na safari hii nimeisema kwa mdomo wangu, mbele yake.

Elvio wenu


Forcaleto, 18 Mei 1980

Mwanangu Elvio,

Salamu za mtu aliyelala vizuri. Dengu zimeota. Karavani halmashauri wataikokota Juni, na nimeiosha ndani na nje nisije nikaaibika. Mtoto wa Quinto anatambaa, na Quinto anajisifu kwamba ni kwa sababu ya sakafu aliyoijenga yeye.

Kiti alikijaribu wiki nzima. Baadaye akajaribu kochi. Mwisho wa Aprili nikasikia buti zinavuliwa ghorofani, moja, kisha nyingine, nami nikabaki nimeshika sufuria, sikuthubutu hata kuifunika. Daktari amemsikiliza kifua na kusema kuna mlio mmoja tu umebaki, nao unaondoka. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilisema moyoni, ngoja, huyu hajatikiswa bado.

Jumapili iliyopita ametikiswa.

Ilikuwa baada ya chakula, kila mtu amelala mchana. Ilianza na sahani, zile za harusi ya marehemu mama yako, zikawa zinanong'onezana kabatini. Halafu kitanda kikasogea. Tetemeko halikuwa kubwa, lakini nawe unajua, likianza halikwambii ukubwa wake. Nilishuka ngazi sijui kwa miguu ipi. Baba yako alinipita njiani, suruali mkononi. Tulipofika nje mtaa mzima ulikuwa nje: Assunta na kuku mmoja kwapani, padri na kitambaa cha mezani shingoni, na Quinto, Quinto wa vyuma, amesimama katikati ya barabara mbali na kila ukuta alioufunga kwa mikono yake. Likakoma. Hakuna kilichoanguka, hata kigae.

Na desturi yetu ni ile ile. Likipita, hakuna anayerudi ndani mpaka giza liingie, na wengine mpaka kesho yake. Viti vikaanza kutolewa, mtu akaleta divai, wanawake wakaanza kukumbuka Septemba. Mimi nilikuwa namtazama kaka yangu. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mlango wetu, anavaa suruali yake polepole, anaitazama ile misalaba ya chuma, anatazama juu, anatazama chini. Nikasema kimoyomoyo, basi, tumerudi shambani, karavani bado ipo, na mashuka yake ndiyo kwanza nimeyafua.

Akafunga mkanda. Akageuka kuingia ndani.

Quinto akamwita, "Nazzareno, wewe unakwenda wapi? Subiri kwanza."

Baba yako akasimama kizingitini. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu bei ya kondoo, "Mwanangu anatazama jua kila siku kwa darubini na hajui ni lini. Mimi nitajulia wapi, hapa barabarani? Sijamaliza usingizi wangu."

Akaingia. Tukasikia ngazi zinalia, tukasikia kitanda kinalia. Quinto akatazama viatu vyake. Kisha Assunta akamweka kuku chini, akaingia kwake. Padri naye akaingia. Sikumbuki nani alifuata, lakini kabla ya kengele ya sala ya jioni hapakuwa na kiti hata kimoja barabarani, na hilo, Elvio, mimi niliyezaliwa hapa sijawahi kuliona.

Kwetu niliingia wa pili, baada ya baba yako. Nilipanda kumtazama. Amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama zamani, dirisha limefunguliwa na jua lote limemwangukia kifuani. Nilitaka kulifunga nimpe kivuli, nikaliacha.

Shangazi yako, Ersilia